Puto la Maji ya Chumvi

Siku tulipomwosha mama yangu, nyumbani kwake Tandale, sikulia. Nilijishangaa kidogo, kisha nikaacha kujishangaa, kwa sababu maji yalikuwa yanapoa na kazi ilikuwa mbele yetu. Nimeosha maiti wa kike wa mtaani kwetu kwa miaka mingi, na mikono yangu inajua njia hata moyo ukiwa umesimama. Tulimzungushia shuka, tukaweka ndoo ya majani ya mkunazi na ndoo ya kafuri, tukaanza kwa Bismillahi, upande wa kulia kwanza, kama tulivyofundishwa. Tulipofika kwenye nywele, Bi Somoe, mzee aliyenifundisha kazi hii, alinipa kitana.

“Zisuke wewe,” akasema. “Ni mama yako.”

Nywele za maiti wa kike husukwa misuko mitatu, zikalazwa nyuma. Niliketi kichwani pake. Mmoja wetu akafungua chupa ya marashi, harufu ikanifika, na hapo nilikuwa mtoto tena, nimekaa kwenye kigoda uani, nimeshika sahani nyeupe kwa mikono miwili, nakunywa maji ya manjano.

Mama yangu alikuwa msusi kabla sijamjua. Waliomjua enzi hizo husema kwamba siku za kuelekea Idi wanawake walipanga foleni barazani kwake kama foleni za sukari, na wenzangu wa umri wangu wanajua foleni ya sukari ilikuwaje. Siku moja alikuwa barazani akimsuka bibi harusi. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kutembea, nimelazwa ndani. Niliamka, nikatoka uani, nikaivuta sufuria ya uji iliyokuwa jikoni, ikanimwagikia kichwani.

Sikumbuki maumivu. Nilichobakiwa nacho ni kovu upande wa kulia wa kichwa, kutoka juu ya sikio hadi karibu na utosi, laini, linang’aa, halioti hata unywele mmoja. Lilikuwa na ganzi. Inzi akitua pale nilikuwa simjui mpaka mtu mwingine amfukuze.

Bibi harusi yule alimaliziwa kusukwa na mtu mwingine, na tangu siku hiyo mama hakushika kichwa cha mtu. Kitana chake cha mti kilichomekwa juu ya ukuta, pale ukuta unapokutana na paa, na kikabaki huko na vumbi lake. Watu waliendelea kuja kwa muda.

“Mama wee, tusuke basi, Idi hiyo inagonga.”

“Mikono imekataa,” alikuwa akijibu, na anaendelea kuchambua mchele.

Nywele zangu za upande mzima zilinyolewa kwa wembe na Bibi, mama yake baba, tuliyekuwa tukiishi naye, ili kichwa kifanane pande zote. Nilivaa mtandio hata ndani ya nyumba. Mtandio ulipodondoka, watoto wenzangu waliimba “kipara ngoto” mpaka wakachoka wenyewe. Wala sikulia kwa hilo. Lililonikaa moyoni lilikuwa jingine. Siku za kuelekea Idi, wasichana wote wa mtaani walikaa chini kwenye mikeka, kila mmoja katikati ya magoti ya mama yake, wanasukwa na wanalia. “Unaniumiza!” “Tulia, we mtoto, nitakupiga na kitana hiki!” Mimi nilikaa mlangoni nikiwatazama. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: kukaa katikati ya magoti ya mama yangu, nisukwe, niumie.

Nilikuwa bado shule ya msingi, madarasa ya chini, tuliposikia kwamba hospitali kubwa ya mjini imepata mgeni, daktari kutoka nje, anayeshirikiana na madaktari wetu kutibu makovu ya moto. Mama alinipeleka. Daktari wetu ndiye aliyezungumza, mgeni akiitikia kwa kichwa kando yake. Walimweleza mama, si mimi. Enzi zetu mtoto alikuwa haelezwi. Alishikwa mkono tu.

Nilikuja kuelewa ukubwani walichonifanyia. Chini ya ngozi nzima yenye nywele, jirani na kovu, waliweka kimfuko cha mpira kitupu, kama puto lisilopulizwa. Kilikuwa na kijimlango chake, nacho kimefichwa chini ya ngozi. Kidonda kilipofunga, kila wiki walipitisha sindano nyembamba hadi kwenye kijimlango kile na kuongeza maji ya chumvi. Puto likivimba, ngozi iliyo juu yake inavutika, na ikivutwa polepole inaongezeka kweli, haitanuki tu. Ukiivuta kwa pupa inapasuka. Ngozi ikishatosha, puto hutolewa, kovu hukatwa, na ile ngozi mpya, pamoja na nywele zake, huvutwa na kufunika pale palipokuwa na kovu. Nywele haziongezeki. Ni zilezile, zimetawanywa tu zikatosha mahali pakubwa zaidi. Nimeshalitafakari jambo hilo mara nyingi baada ya sala, na kila mara namshukuru Mungu aliyeiumba ngozi ikawa na subira kuliko mwenye ngozi.

Lakini hayo ndiyo ninayoyajua leo. Wakati ule nilijua hivi: kila Alhamisi mama alinipeleka hospitalini, akanilaza kifudifudi mapajani pake, akanifunika uso kwa kanga, na watu wakafanya kitu kichwani kwangu. Ngozi ya pale ilikuwa imeshakufa ganzi tangu upasuaji, kwa hiyo sindano sikuisikia kabisa. Nilichosikia ni tumbo la mama likipanda na kushuka. Kisha tunarudi nyumbani, na jioni kichwa kinabana, kizito, kama nimejitwisha ndoo nisiyoweza kuitua.

Na kila Ijumaa asubuhi Bibi alininywesha kombe. Alilichukua kwa Mwalimu wetu wa chuo, pale tulipokuwa tukisoma Kurani. Mwalimu aliandika aya kwenye sahani nyeupe kwa wino wa zafarani, herufi za manjano zimezunguka mpaka ukingoni. Bibi akizifikisha nyumbani anamimina maji na marashi kidogo, anazungusha taratibu, herufi zinalegea, zinakuwa nyuzi, kisha zinapotea, yanabaki maji ya manjano yenye harufu nzuri na uchungu kwa mbali.

“Kunywa, mke mwenzangu,” Bibi alikuwa akiniambia, maana ndivyo alivyonitania. “Kunywa mpaka chini. Yapande kichwani yakulinde.”

Nilikunywa, na kichwa kilivimba. Wiki ikipita, nilikunywa tena, na kichwa kikazidi. Kilianza kama limau, kikawa kama chungwa, kikaelekea kuwa kama kifuu cha nazi. Mtoto gani asingejumlisha? Niliamini kwamba maneno ya Mwenyezi Mungu yalikuwa yakipanda na kukusanyika pale juu, chini ya ngozi, maji ya manjano yenye herufi ndani yake. Sikumwambia mtu. Nililala kwa ubavu wa kushoto bila kuambiwa. Sikukimbia. Nilitembea kama mtu aliyebeba msahafu, na watu wazima wakasifu utulivu wangu.

Mtaani mambo yalikuwa vingine. Jirani yetu Mwanaidi, tuliyelingana umri, alinikuta bombani na kundi lake.

“Jamani njooni muone, ana vichwa viwili huyu!”

“Humu ndani mna Yasini,” nikamjibu. “Wewe kichwani kwako mna nini? Chawa.”

Walicheka, wakamcheka yeye. Mwanaidi hakuwa mtu wa kushindwa. Alitua ndoo yake.

“Kama mna Yasini, mbona unaingia nayo chooni?”

Mdogo wake Mwanaidi alivaa hirizi shingoni, na kila alipopelekwa chooni mama yao aliivua kwanza, akaitundika kwenye msumari nje ya mlango. Sote tulikuwa tukiuona ule msumari. Aya haiingii mahali pale. Nilirudi nyumbani na ndoo isiyojaa, nikakaa kwenye kigoda nikafikiri. Hirizi huvuliwa. Mimi ningevua nini?

Basi nikaacha kwenda chooni.

Naandika haya nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu, na bado siwezi kumcheka yule mtoto. Nilipunguza kula ili nisihitaji. Nilipunguza kunywa. Haja ndogo niliibana mpaka iwe giza, nikajificha nyuma ya ua, na mara nyingine hata hilo niliogopa, maana niliona uchafu ni uchafu popote. Haja kubwa niliiacha kabisa. Tumbo lilianza kuuma, likaacha kuuma, likawa gumu tu. Kisha nikapata homa.

Mama na Bibi walinipeleka hospitalini siku isiyokuwa yangu. Baba alikuwa kazini bandarini. Daktari wetu aliweka kiganja kwenye paji langu, akanifungua mtandio, akatazama puto muda mrefu. Mgeni naye akatazama. Wakasemezana kwa lugha yao.

“Mama,” Daktari akasema, “mtoto mwenye puto akipata homa, sisi tunaogopa jambo moja. Kama vijidudu vimeingia huku, hatuna njia. Tunalitoa leo hii.”

“Na ngozi?” mama akauliza.

“Itasinyaa irudi ilivyokuwa.”

“Halafu mnaliweka jingine.”

Daktari alimtazama mgeni. “Mgeni wetu anakaribia kuondoka. Tutaangalia baadaye, Mungu akipenda.”

Mama alishika pindo la kanga yake akaanza kulikunja, akalikunja mpaka likawa donge, akalifungua, akaanza tena. Mikono yake ilikuwa hodari hata katika kazi ile isiyo na maana. Nilimtazama nikajua kwamba kitana kitabaki juu ya ukuta daima. Nilijua hivyo kwa utulivu, kama mtu anavyojua kwamba nje kunanyesha.

Muuguzi aliyekuwa zamu alikuwa mama wa makamo, Mkristo kutoka bara, mwenye lafudhi ya kwao, nasi tulimwita Sista. Alinilaza kuniandaa, mkono wake ukapita tumboni kwangu, ukarudi.

“Daktari! Njoo ushike tumbo hili. Gumu kama ubao wa mbuzi ya nazi.” Akaniinamia. “Mwanangu, umeenda choo lini?”

“Sikumbuki.”

“Unaumwa ukienda?”

“Siendi.”

“Huendi? Kwa nini?”

Nilimtazama Bibi, maana ndiye pekee niliyeamini atanielewa. “Nina maneno ya Mungu kichwani,” nikasema. “Hayaingii chooni.”

Sista alimtazama Daktari. Mgeni alimtazama Sista, akingoja kutafsiriwa, na hakuna aliyejua aanzie wapi. Mama aliacha kukunja kanga.

“La ilaha illallah,” Bibi akasema polepole. Alisogea, akakaa ukingoni mwa kitanda. “Hebu niambie, mke mwenzangu. Mwalimu wako wa chuo amehifadhi Kurani?”

“Ndiyo.”

“Kidogo au yote?”

“Yote.”

“Ameiweka wapi?”

“Kichwani. Na kifuani.”

“Na chooni haendi?”

Nilifikiri. Nilikuwa nimemwona Mwalimu mara nyingi akivuka uwanja wa chuo na birika lake mkononi. “Huenda.”

“Akienda, anaiacha wapi? Anaitundika msumarini?”

“Anaingia nayo.”

“Basi. Kilichoandikwa nje ya mtu huvuliwa, ndiyo adabu. Kilichomo ndani ya mtu, aliyekiweka anajua kwamba huyu anakula, na akila ataenda choo. Wewe una adabu kumshinda Mwalimu?”

Sista aligeukia dirishani, mabega yanamtetemeka. Daktari alikohoa. Mama peke yake hakucheka, wala mimi.

Walinisaidia kwa maji ya sabuni, nisieleze zaidi, na walipopima mkojo waliona homa ilikuwa imetoka huko, kwenye mkojo niliokuwa nimeubana. Nilipewa dawa. Ngozi ya juu ya puto ilikuwa haina wekundu wala joto, na Daktari akasema tungoje tuone. Tulilazwa. Mama alikaa sakafuni kando ya kitanda, kiganja chake kwenye mguu wangu, akipima homa kwa njia yake. Asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Puto likabaki.

Kabla hatujaondoka, Sista aliniita mezani kwake. Alivuta maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akadondosha tone kwenye ulimi wangu.

“Onja.”

“Chumvi,” nikasema.

“Ndiyo yaliyomo kichwani mwako. Haya haya. Tunayaweka sisi kila Alhamisi, umefunikwa uso huoni. Hatukukwambia. Tungekwambia.”

Sikufurahi wala sikuhuzunika. Nilikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo akagundua kwamba alikuwa amekwisha kuuzoea, na kwamba bila mzigo yeye ni mtu kama wengine tu. Ijumaa iliyofuata Bibi alileta sahani kama kawaida. Nilimwambia kichwani mna maji ya chumvi.

“Najua,” akasema. “Chumvi ni kazi ya daktari. Hii ni kazi yetu. Kunywa mpaka chini.”

Nilikunywa.

Upasuaji wa pili ulifanyika kabla mgeni hajaondoka, alhamdulillahi. Walitoa puto, wakakata kovu, wakaivuta ile ngozi mpya ikafika. Nilifungwa bendeji muda mrefu, na ilipotolewa, Daktari alipitisha kidole pale palipokuwa na kovu akauliza kama nasikia. Nikasema hapana. Akamgeukia mama akamwambia, mimi nikiwa hapo hapo, kwamba ganzi inaweza kupungua kwa miaka, au isipungue. Mama akaitikia kwa kichwa.

Nywele ziliota. Ziliota taratibu, chache, zikiwa zimeachana kidogo upande ule, lakini ziliota. Bibi hakuleta wembe tena.

Ilikuwa siku za kuelekea Idi. Nilirudi kutoka chuoni nikakuta mkeka umetandikwa barazani na mama ameukalia, kopo la mafuta ya nazi ubavuni. Kitana cha mti kilikuwa mkononi mwake, kimeoshwa, bado kibichi.

“Njoo,” akasema.

Nilikaa katikati ya magoti yake. Sikuwa nimewahi kukaa pale, na sikujua mikono niiweke wapi.

“Nikusuke nini?”

“Twende kilioni.”

Ni msuko mwepesi kuliko yote, mistari iliyonyooka kwenda nyuma, anaosukwa hata mtoto mwenye nywele fupi. Mama akatia mafuta, akaanza upande wa kushoto. Mikono yake haikuwa imesahau kitu. Ilikuwa ya haraka, ilivuta, ilikaza, na machozi yalinijia yenyewe kama yanavyomjia mtoto yeyote. Wapita njia walipunguza mwendo. Mwanaidi alitoka akakaa kwenye ngazi ya kwao, ametoa macho.

Kisha mama akavuka mstari wa katikati, akaingia upande wa kulia.

Sikusikia kitu. Nilisikia kwa masikio tu: kitana kinavyokwaruza, pumzi ya mama juu ya utosi wangu, nywele zinavyosuguana. Kwenye ngozi hapakuwa na chochote. Upande ule niliokuwa nimeungojea ndio upande ambao mama yangu hakuwapo. Nilikaa nikingoja, nikifikiri labda mstari wa pili, labda wa tatu. Vidole vya mama vilianza kwenda polepole, kwa woga, kama mtu anayeshika kitu cha wengine.

Nikasema, kwa sauti ya kumfikia hata Mwanaidi, “Mama, unaniumiza!”

Mikono ilisimama. Alikuwa amemsikia Daktari kama nilivyomsikia mimi. Sikugeuka kumtazama.

“Pole, mwanangu,” akasema. “Vumilia. Karibu namaliza.”

Akakaza msuko, na vidole vikarudi kwenye kasi yake. Hatukulizungumza jambo hilo siku hiyo, wala nilipoolewa, wala alipozeeka nikawa mimi ninayemchana. Kesho yake jirani mmoja alikuja na mtoto wake, akakaa pembeni ya mkeka bila kuomba, na mama akamwambia, “Haya, lete kichwa hicho.” Alisuka mpaka macho yalipomnyima.

Pale kichwani kwangu ganzi haikuisha. Ilipungua pembezoni, katikati imebaki. Najua mtu akinigusa kwa sababu nauona mkono wake. Siku ya kumwosha mama nilikuwa hivyo mwili mzima.

Nywele zake zilikuwa nyeupe, nyepesi, zimelowa. Nilizigawa mafungu matatu. Msuko wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu kitana kilinasa kwenye fundo, nikavuta, na kichwa chake kikatikisika kidogo.

“Taratibu,” Bi Somoe akasema. Tumefundishwa kumshika maiti kwa upole uleule anaoshikwa aliye hai.

Nililegeza mkono. Nikalifungua fundo kwa vidole, unywele mmoja mmoja.

“Pole, mama,” nikasema. “Karibu namaliza.”

Wenzangu wakaendelea kumimina maji. Nikakaza msuko, nikaulaza nyuma pamoja na mingine.